Kabla ya kukodi shamba, uliza jina: somo kutoka kwa wanawake waliopigania ardhi



Kila mwaka kuanzia Agosti, kabla mvua za vuli hazijafika, simu yangu haipumziki. Vijana wa Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Buhongwa wanatafuta mashamba ya kukodi. Wengi tunaishi mjini, mashamba tunayalima Misungwi, Magu, Kwimba, wengine Sengerema. Maswali ninayopokea ni yale yale: udongo ukoje, maji yapo, ekari ni shilingi ngapi, gari linafika mpaka shambani? Ni maswali mazuri na ninayajibu yote. Ila kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeuliza: hili shamba lina jina la nani, na nani mwingine anakula kutokana nalo?

Kwa hiyo leo tuache kidogo kantangaze na bei za mbolea. Tuongee kuhusu wanawake wa Kanda ya Ziwa, na wenzao wa nchi nzima, waliopigania ardhi na mapato ya shamba. Najua wapo watakaosema, "Afisa, hizo ni siasa, sisi tunatafuta hela." Soma mpaka mwisho. Swali la jina ndilo linaloamua kama hela yako itarudi.

Tunazijua harakati tangu enzi za pamba

Sisi watu wa pamba tunajua vizuri maana ya kudai haki kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wa kukagua uzito, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kilo ngapi zimeingia, hela ngapi imetoka.

Madai ya wanawake ni hesabu hiyo hiyo, imeingia ndani ya nyumba. Nani alilima, nani alipalilia, nani alivuna, na stakabadhi imeandikwa jina la nani? Wazee wetu walidai mizani ya haki kati ya mkulima na mnunuzi. Mama zetu na dada zetu wanadai mizani ya haki kati ya mume na mke, kaka na dada, shemeji na mjane.

Hasara inavyoanza

Chukua mfano huu. Nimeukuta kwa sura tofauti zaidi ya mara moja.

Kijana anakodi ekari 3 za mpunga kwa misimu miwili. Anayemkodisha anasema shamba ni la marehemu kaka yake, yeye ndiye mkubwa wa familia iliyobaki. Hela inalipwa mkononi, karatasi inaandikwa nyuma ya daftari la shule, mashahidi ni marafiki wawili. Kijana anaingiza trekta, anainua kingo za majaruba, ananunua mbegu. Mpunga ukiwa umefika magotini anatokea mama mmoja na watoto wanne. Ni mjane wa yule marehemu. Alipofukuzwa alirudi kwao, huko akakutana na msaidizi wa kisheria, akafungua shauri la mirathi. Kumbe shemeji hakuwa na mamlaka ya kukodisha hata kona ya lile shamba.

Hapo nani amepata? Mjane ameteseka mwaka mzima. Watoto wamekosa ada. Kijana mtaji wake umelala kwenye mgogoro, maana aliyemkodisha hakuwa na cha kukodisha. Shemeji tayari ameshakula hela. Hii ndiyo sababu nasema haki ya mwanamke kwenye ardhi inamhusu hata kijana wa kiume ambaye hajaoa. Mahali ambapo mjane anaweza kufukuzwa kirahisi, hata mkataba wako ni mwepesi.

Mila ilisemaje, na nani alibisha

Tatizo hili lina mizizi kwenye maandishi. Mwaka 1963 serikali ilichapisha tamko la sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwa tamko lile, mtoto wa kike yuko daraja la mwisho kwenye urithi. Ardhi ya ukoo anaweza kuitumia akiwa hai, kuiuza haruhusiwi. Mjane mwenye watoto harithi, anatunzwa na watoto wake. Ukiisoma haraka unaona kama ni utunzaji. Ukiishi ndani yake unaona kwamba mama aliyelima miaka 30 anabaki mgeni kwenye shamba alilolisafisha kwa mikono yake.

Mtu wa kwanza ninayetaka umjue ni Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Uzee ulipomfika, hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliamua kuliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai mauzo yafutwe, kwa sababu mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya wilaya ikakataa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Februari 1990 Jaji Mwalusanya alisema kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayopewa mwanaume. Alitumia haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Ukoo ulibaki na nafasi ya kulikomboa shamba, mradi ulipe bei yake. Nikipita karibu na majengo ya mahakama mjini huwa nawaza: bibi mmoja mkulima alikataa kunyamaza, na nchi nzima ikapata hukumu ambayo mpaka leo wanafunzi wa sheria wanaisoma.

Lakini hukumu moja haimalizi kazi. Miaka iliyofuata wajane wawili, ambao mirathi ya waume wao iliendeshwa kwa mila za Kisukuma, walitolewa kwenye mali na ndugu wa marehemu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, walipeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilikiuka haki zao na ikaitaka nchi irekebishe sheria hizo za mila.

Ona urefu wa safari. Mtu ananyang'anywa mali kwa siku moja, kuidai ni zaidi ya miaka kumi.

Sheria za 1999 zilidaiwa

Wengi tunadhani sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitungwa na wataalamu ofisini, basi. Wataalamu walikuwepo, ila wanawake nao walibisha hodi. Mwaka 1997 mashirika kadhaa yaliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi. Humo walikuwemo wanasheria wanawake wa TAWLA, waandishi wa habari wa TAMWA na wengine. Walisoma rasimu kipengele kwa kipengele, wakawafuata wabunge, wakatumia redio na magazeti kueleza.

Matokeo yake nayataja kila ninapofundisha, kwa sababu ni silaha ya mkulima:

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema mwanamke mtu mzima ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi sawa na mwanaume. Mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo, kwa sheria hii ni batili.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake.

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, nayo ina kifungu ambacho kila mwanandoa anapaswa kukijua, kifungu cha 161. Ardhi ikiwa na jina la mmoja, lakini mwenzake ameweka nguvu zake kuiendeleza na kuitunza, huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na sehemu kwenye ardhi hiyo. Jasho limeandikwa kwenye sheria.

Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilishasema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kwa bahati mbaya yeye mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa mtaji wa biashara akautapanya. Ila mlango alioufungua wengi wameupitia.

Karatasi iko Dodoma, shamba liko kijijini

Hapa ndipo harakati za ngazi ya chini zinapoingia. Sheria haitembei kwa miguu. Lazima awepo mtu kijijini anayejua kwamba ipo, na asiyeogopa kuitaja mbele ya mwenyekiti.

Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, una njia moja ambayo sisi maafisa ugani tungeiiga. Wanaiita uraghbishi. Mraghbishi haji na majibu kwenye mkoba. Anakaa na wananchi, wanachora ramani ya kijiji, wanahesabu nani anachota maji saa ngapi, nani anauza nini, hela inakwenda wapi, halafu wananchi wenyewe wanataja tatizo na wanaamua hatua. Kutokana na kazi hiyo vimezaliwa vituo vya taarifa na maarifa kwenye kata mbalimbali nchini, ambako wanawake na vijana wanafuatilia bajeti ya halmashauri, wanahoji kisima kilichokwama, wanadai zahanati. TGNP ndio pia walioanza miaka ya 1990 kuihoji bajeti ya serikali kwa jicho la jinsia: hela ya kilimo ikitoka, inamfikia nani?

Hapa Mwanza tuna Kivulini, shirika lililoanzishwa na wanawake sita mwaka 1999 kupambana na ukatili majumbani. Jina lenyewe linaeleza: kivulini ni mahali watu wanapokaa kuongea. Unaweza kuuliza ukatili unahusiana nini na kilimo biashara. Unahusiana sana. Msimu wa mauzo, hela ya pamba au mpunga ikiingia, ndipo ugomvi unapolipuka kwenye nyumba nyingi. Mwanamke anayepigwa kwa kuuliza hela imekwenda wapi, msimu unaofuata hatakuwa na moyo wa kupalilia.

Tusiseme nusu ya ukweli: Kanda yetu ina doa kubwa zaidi ya hilo. Vikongwe wameuawa Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani kwa kisingizio cha uchawi, eti macho mekundu. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Wilayani Magu shirika la MAPERECE lilifanya kazi ya miaka mingi kuwalinda wazee: majiko yenye moshi kidogo, nyumba imara, na wasaidizi wa kisheria wa kuwaeleza wajane haki zao za mirathi na ardhi. Angalia walivyoyaweka mambo hayo pamoja, jiko na hati. Walielewa kwamba usalama wa bibi yule uko kwenye vyote viwili.

Ziwa ni moja

Tutoke mashambani twende majini, maana wengi wenu mnachanganya kilimo na dagaa.

Kwenye uvuvi, swali la jina ni swali la mtumbwi. Mwenye mtumbwi ndiye anayeamua samaki wauzwe kwa nani. Upande wa Kenya, kwenye mwalo wa Nduru karibu na Kisumu, wanawake wachuuzi walikuwa wanalazimika kulala na wavuvi ili wapate samaki wa kuuza. Mwaka 2011 baadhi yao wakaanzisha kikundi cha kukataa jambo hilo waziwazi. Hawakuishia kukataa kwa maneno. Walitafuta misaada, wakapata mitumbwi yao, wakaajiri wanaume wavue. Mwajiri alipokuwa mwanamke, mazungumzo yalibadilika pale mwaloni. Baadaye mitumbwi ya mbao ilichakaa, na mwaka 2020 mafuriko yakakifunika kijiji chenyewe. Somo kwa mfanyabiashara liko wazi: kumiliki chombo kunakupa sauti, lakini chombo kisipowekewa akiba ya matengenezo, sauti nayo inachakaa.

Upande wa Uganda, wanawake wa Katosi wilayani Mukono walianza kujiunga mwaka 1996, wakaingia kwenye uvuvi wenyewe na kutafuta mitumbwi na vifaa kwa pamoja. Kwetu Tanzania, mwaka 2019 kilizinduliwa TAWFA, chama cha wanawake wa sekta ya uvuvi nchini, na shirika la EMEDO lenye makao hapa Mwanza limekuwa mstari wa mbele kuwaunganisha wanawake wa mialoni. Mama anayeanika dagaa mchangani anauza kwa bei ya mchanga. Wakiwa kikundi wanajenga vichanja vya kuanikia, dagaa wanakauka wasafi, na mnunuzi anawafuata wao.

Sasa tuingie kwenye daftari

Shirika la FAO kwenye ripoti yake ya mwaka 2011 lilisema kwamba wanawake wakipata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yanaweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Mwaka 2015 UN Women na Benki ya Dunia walipiga hesabu kwa nchi yetu: pengo la tija kati ya mashamba yanayosimamiwa na wanawake na yale ya wanaume ni kama asilimia 16, na linaigharimu Tanzania takriban dola milioni 105 kila mwaka. Wala si kwamba wanawake ni wavivu. Wana vibarua wachache, pembejeo kidogo, na ardhi isiyo na uhakika. Nani atamwaga samadi tela tano kwenye shamba ambalo mwakani anaweza kuambiwa atoke?

Kuna jambo lingine mnalijua wenyewe. Zao likiwa la kula, ni la mama. Viazi vitamu, michembe, matobolwa, mboga za majani, hayo hayana ugomvi. Siku likipata soko zuri mjini, mwenye zao anabadilika. Kijana anayefanya hivyo anadhani amepanua biashara. Ukweli ni kwamba amemwondoa mtu anayelijua zao kuliko yeye.

Fanya hesabu hii ya mfano kwa ekari 1 ya mpunga. Bei weka za kijijini kwenu.

Umepata gunia 18, umeuza kila moja shilingi 90,000. Mapato ni 1,620,000. Kukodi shamba, trekta, mbegu, mbolea na usafiri umetumia 700,000. Kwenye daftari unaandika faida 920,000 na unashangilia.

Sasa andika siku za mkeo, au mama yako, au dada yako aliyekusaidia bila malipo. Kupandikiza siku 8. Palizi siku 14. Kufukuza ndege siku 20. Kuvuna na kupiga siku 10. Jumla siku 52. Kibarua kwa siku kikiwa 6,000, hiyo ni shilingi 312,000. Faida yako halisi ni 608,000. Yaani theluthi ya ile faida uliyoishangilia ni mshahara wa mtu ambao haujalipwa.

Najua jibu la haraka: "Si ni familia, tunakula pamoja?" Ni kweli mnakula pamoja. Lakini je, mkiachana, au ukifa, ile karatasi itasema mlilima pamoja? Na upande wa biashara tu, daftari lisilohesabu kazi linakudanganya. Utaongeza ekari mbili ukidhani faida ni kubwa, mwishowe unaikuta nguvu kazi uliyoipata bure haitoshi na vibarua hujawawekea bajeti.

Fanya haya msimu huu

1. Kabla ya kukodi, uliza shamba limetoka wapi. Kama mwenyewe amefariki, omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Uliza kama kuna mjane na watoto, na uongee nao.

2. Kama mwenye shamba ana mke, mke naye asaini. Kama ana wake wawili, uliza eneo hilo linalimwa na mke yupi, na huyo awepo. Ukiambiwa "huyo hahusiki," jua hapo ndipo mgogoro ulipo.

3. Pitia serikali ya kijiji. Mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wajue, majirani wa mipaka wawe mashahidi, malipo yapite benki au kwenye simu ili pabaki kumbukumbu.

4. Kama mmenunua shamba kijijini wewe na mwenzako, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina yote mawili. Gharama haiongezeki kwa sababu ya jina la pili. Dada zangu ambao hamjaolewa, nunueni kwa majina yenu. Usimwandikishe kaka "kwa sababu yeye ndiye anayejuana na mtendaji."

5. Kwenye AMCOS, uanachama ni wa mtu mmoja mmoja aliyetimiza miaka 18. Mke anaweza kuwa mwanachama na kuuza mazao yake kwa jina lake, hela ikaingia kwenye akaunti yake. Kama chama chenu kinaandika "kaya" na kuweka jina la baba tu, iulizeni bodi kwenye mkutano mkuu.

6. Fuatilieni mikopo ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Na tafadhali, msitumie majina ya dada zenu kupata mkopo wa wanawake halafu hela mkalime nyie. Deni litabaki na jina lake.

7. Weka safu ya "kazi ya familia" kwenye daftari la shamba. Mwisho wa msimu kaeni mezani wote mliofanya kazi, someni pamoja, mgawane mkijua mnagawana nini.

Mgogoro ukishatokea, anzeni kwenye baraza la ardhi la kijiji. Kumbukeni kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana, mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na msaada wao ni bure. Mimi ni mtu wa mimea na udongo, si wakili, kwa hiyo shauri likiwa zito nendeni kwao mapema.

Kuna kijana aliniambia majuzi kwamba akimwandika mkewe kwenye hati, atakuwa amempa silaha. Nilimuuliza huyo mke amelima naye misimu mingapi. Akasema minne. Nikamwambia basi hajampa kitu, ameandika tu kilichopo. Wiki iliyopita walikuja wote wawili kuuliza bei ya kupimiwa shamba, na yule mama ndiye aliyekuwa ameshika bahasha.

Vuli njema. Mwenye karatasi ya kukodi anayetaka tuisome pamoja kabla hajalipa, aje nayo ofisini asubuhi kabla sijatoka kwenda mashambani.